Nani Anayekwenda?

Mwendo ni miongoni mwa mambo ambayo kila mtu hudhani ameyajua tangu utotoni. Mtoto huanza kutambaa kabla ya kusema, na mzee huacha kutembea kabla ya kuacha kusema. Kwa hivyo mwendo tumeuzoea katika ncha zote mbili za maisha. Walakini jambo lililozoewa sana ndilo aghalabu lisiloulizwa. Mimi nilifundisha mwendo darasani kwa miaka kadhaa. Niliandika kanuni zake ubaoni kwa chaki nyeupe, nikasahihisha mitihani yake kwa kalamu nyekundu, na katika muda wote huo sikujua kwamba swali la kwanza la somo lenyewe lilikuwa limenipita. Aliyenifunza alikuwa mwanafunzi wangu, na ada ya mafunzo hayo aliilipa yeye kwa mkono uliovunjika. Nataka kukusimulia, msomaji, jinsi ilivyokuwa, ili wewe upate kujifunza bila ya kulipa.

Anza safari pamoja nami katika steji ya matatu ya Thika, asubuhi, wakati ambapo makanga wanaita abiria kwa sauti zilizokauka na wachuuzi wanapitisha njugu na mananasi madirishani. Umeketi karibu na dirisha, unakwenda Ruiru. Kando ya matatu yenu imesimama nyingine, karibu kiasi cha kuweza kumpa mtu wa upande wa pili sarafu mkononi. Ghafla unaona madirisha ya matatu ile yanateleza kurudi nyuma. Moyo wako unasema, "Alhamdulillahi, tumeondoka." Unaweka mfuko wako vizuri, unajitayarisha kwa safari. Kisha ile matatu nyingine inaisha mbele ya macho yako, na mahali pake unaona ukuta wa duka. Ukuta hauendi popote, wala ninyi hamwendi. Aliyeondoka ni jirani, naye alikuwa akirudi nyuma ili apate nafasi ya kutoka.

Watu husema kwamba macho yamewadanganya. Mimi nasema macho hayakudanganya hata kidogo. Macho yalitoa habari moja tu, nayo ilikuwa ya kweli: kwamba dirisha lako na dirisha la jirani yanapishana. Ni nani kati ya wawili hao anayekwenda, macho hayakusema, maana hayakuwa na njia ya kujua. Akili ndiyo iliyoongeza neno lake kwa haraka, ikaamua kwamba mwenye kwenda ni wewe. Ukuta wa duka ulipoonekana, akili ilipata kitu cha tatu cha kulinganisha, ikageuza hukumu yake.

Sasa matatu yenu nayo imeondoka, na imeingia katika ile barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba, mwaka 2012. Tazama nje. Majani ya kando ya barabara yanakimbia nyuma kwa kasi hata huwezi kuyahesabu. Miti ya mbali kidogo inarudi nyuma taratibu, kama watu wanaoondoka msibani. Na kule mbali, upande wa kushoto, Kilimambogo kinaonekana kama kinafuatana nanyi njia nzima, kama mbwa mwaminifu asiyetaka kubaki nyumbani. Ndani ya gari, mama mmoja ameweka kikapu magotini. Kijana mmoja anasoma. Mzee mmoja anasinzia. Kutoka Thika hata Juja mama hajasogea mbali na mzee hata kwa upana wa kidole. Lakini mchungaji wa mbuzi aliye kando ya barabara anawaona wote, mama, kijana na mzee anayesinzia, wakipita mbele yake kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa.

Je, mzee huyu amekaa au anakwenda? Ukiulizwa hivyo katika mtihani, usijibu bado. Swali halijakamilika. Ni kama mtu akuulize, "Je, Ruiru ni mbali?" bila ya kusema ni mbali na wapi. Mzee amekaa ukimpima kwa kiti chake. Mzee anakwenda ukimpima kwa barabara. Majibu yote mawili ni ya kweli, na hayapingani, kwa kuwa kila moja lina mahali pake. Mahali hapo ambapo mtu amepachagua, akapahesabu kuwa pametulia, akasimama hapo na kipimo chake na saa yake ili kupima mwendo wa vitu vingine, wataalamu wa fizikia wamepapa jina la mfumo wa marejeo. Katika insha hii nitapaita kituo cha kupimia, kwa sababu ni jina linalojieleza lenyewe.

Wala usidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mwenye saa ya mkono inayoonyesha nambari 7 asubuhi anasema kwa Kiswahili kwamba ni saa moja. Mgeni anayesikia hivyo hushangaa, akadhani ama saa imeharibika ama msemaji hajui kusoma. Saa ni nzima na msemaji ni msomi. Waswahili wanaanza kuhesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, na katika nchi hizi za karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Wazungu wanaanza kuhesabu tangu usiku wa manane. Mwanzo ni mbalimbali, wakati ni ule ule mmoja, na kanuni ya kuvuka kutoka hesabu hii hata ile ni fupi: ongeza sita au punguza sita. Vivyo hivyo na urefu wa Kilimambogo. Vitabu vinasema kwamba kilele chake kina mita 2,145, lakini hizo zimehesabiwa tangu usawa wa bahari, ambao mtu wa Thika hauoni. Yeye anakaa tayari juu ya zaidi ya mita 1,400 za nchi, na kwa macho yake mlima haumzidi ila kwa mita mia sita au saba hivi. Mlima ni mmoja. Vituo vya kupimia ni viwili.

Hayo yote nayasema leo kwa wepesi. Zamani sikuyasema, na hapo ndipo kisa changu kinapoanza.

Siku moja nilikuwa nikifundisha kanuni za mwendo, nikafika kwenye mifano ya kasi na masafa. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, aliyekuwa akisafiri kila siku kwa matatu kati ya Ruiru na Thika, aliinua mkono akasema, "Mwalimu, tukiwa ndani ya matatu tumekaa, hatuendi. Makanga naye amesimama mlangoni, haendi. Kwa nini basi akishuka kabla gari halijasimama, ni lazima akimbie kwanza?"

Darasa likacheka. Mimi nami nikacheka kidogo, na kicheko cha mwalimu ni kizito kuliko vya wanafunzi arobaini. Kisha nikamwambia, "Swali hilo halimo katika mtihani. Keti." Akaketi. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu lililo wazi kichwani mwangu. Nilijua kanuni kwa moyo, nikajua namna ya kuweka tarakimu mahali pa herufi, lakini sikuwa nimepata kuitazama kanuni kutoka mlangoni mwa matatu. Badala ya kukiri, niliufunika ujinga wangu kwa joho la mtihani.

Wiki chache baadaye kijana yule hakuja shule. Alikuwa akirudi nyumbani jioni. Matatu ilipokaribia mahali pake pa kushuka, upande wa Ruiru, ilipunguza mwendo lakini haikusimama, na abiria walihimizwa washuke upesi. Yeye aliinua mguu akaweka chini, kama vile mtu anavyoshuka kizingiti cha nyumba yao. Alianguka kifudifudi juu ya lami, akavunjika mkono.

Nilikwenda kumtazama. Mama yake alinipa kiti na chai, akanishukuru sana kwa kufika, akasema kwamba si walimu wote wenye moyo kama wangu. Nilikunywa chai ile kwa shida. Mama hakujua kwamba mwanawe alikuwa ameniuliza swali hasa la siku ile, nami nikamketisha. Nilimwuliza kijana ilikuwaje. Alifikiri kidogo, akajibu kwa maneno mawili ambayo sijayasahau: "Nilidhani nimesimama."

Hakusema uongo. Alikuwa amesimama kweli, kwa kupimiwa na sakafu ya matatu. Lakini lami aliyokuwa anaiendea haikuwa na habari ya sakafu ya matatu. Tuchukue kwamba gari lilikuwa limepungua hata kufika kilomita 20 kwa saa, mwendo ambao abiria huuona kuwa ni sawa na kusimama. Mwendo huo ni karibu mita tano na nusu kwa kila sekunde, nao ni mbio za mtu mwenye bidii. Mwili wote wa kijana, kuanzia utosi hata nyayo, ulikuwa na mwendo huo tayari kabla hajatoka mlangoni. Isaac Newton, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687, aliandika kwamba kila kitu hudumu katika hali yake, ikiwa ni ya kutulia ama ya kwenda sawasawa kwa mstari ulionyooka, mpaka kani nyingine ije kukigeuza. Lami ilishika nyayo za kijana ikazisimamisha. Kifua na kichwa havikushikwa na kitu, vikaendelea na safari yao.

Makanga hajasoma Newton, lakini miguu yake imemsoma. Anajua kwamba akitoka mlangoni ataikuta barabara ikikimbia nyuma chini yake, na kwa hivyo anakimbia kuelekea mbele ili nyayo zake zipatane na mwili wake, kisha anapunguza mbio hatua kwa hatua. Nami sikuelezi haya ili uige ufundi wake. Makanga wengi wameumia katika ufundi huo huo. Subiri gari lisimame, ndipo ushuke.

Kwa sababu hiyo hiyo mikanda ya viti imewekwa. Kanuni za usalama zilizoanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2004, wakati John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, ziliamuru matatu ziwe na mikanda, na ziwe na vidhibiti mwendo vya kuzizuia zisipite kilomita 80 kwa saa. Abiria anayejiona ameketi kwa utulivu hufikiri kwamba mkanda ni udhia. Lakini mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde, na mtu anayegonga kitu kigumu kwa mwendo huo anapata pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 25, yaani jumba la ghorofa nane hivi. Hakuna mtu mwenye akili atakayeketi ukingoni mwa dari la ghorofa ya nane asijishike. Katika matatu twaketi bila ya kujishika, kwa kuwa kiti kinatuambia kwamba tumesimama.

Kijana aliporudi shuleni, mkono wake ungali katika plasta, niliamua kulifundisha somo lile upya. Sikuanza ubaoni. Niliazima mkokoteni kwa mchukuzi mmoja, nikaupeleka katika uwanja wa mpira mahali palipo sawa. Nilimwomba kijana aketi juu yake, nikampa chungwa katika mkono ulio mzima. Wavulana wawili wenye nguvu wakausukuma mkokoteni kwa mwendo mmoja usiobadilika, naye akawa anarusha chungwa juu na kulidaka. Darasa zima lilisimama kando likitazama.

Tuliporudi darasani nilimpa kijana chaki, nikamwambia achore njia ya chungwa kama alivyoiona. Alichora mstari mmoja ulionyooka, kwenda juu na kurudi chini. Kisha nikampa chaki msichana mmoja aliyekuwa amesimama karibu na goli. Yeye alichora njia iliyopinda kama upinde: chungwa lilianza huku, likapanda, likashuka kule mbele. Ukazuka ubishi mkubwa. Wa goli walisema kwamba wa mkokoteni hakuona vizuri kwa kuwa alikuwa akisukumwa. Wa mkokoteni alisema kwamba chungwa lilikuwa mkononi mwake, na hapana mwenye kulijua kuliko yeye.

Niliwauliza swali moja: "Je, chungwa lilirudi mkononi mwake?" Wote walisema lilirudi. Hapakuwa na hata mmoja aliyeliona likianguka nyuma ya mkokoteni. Basi wakaanza kunyamaza. Waliona kwamba njia ya chungwa ina sura mbili kwa vituo viwili vya kupimia, lakini tukio lenyewe, la chungwa kukutana na kiganja, ni moja kwa watu wote. Tena waliona kwamba kuna daraja kati ya michoro ile miwili. Ukichukua mstari wa kijana, ukauongezea mwendo wa mkokoteni, unapata upinde wa msichana. Ukichukua upinde wa msichana, ukapunguza mwendo wa mkokoteni, unapata mstari wa kijana. Ni kama kuvuka kutoka saa 7 hata saa moja.

Hapo ndipo nilipomwambia kijana mbele ya wenzake kwamba siku ile swali lake lilikuwa jema na jibu langu lilikuwa baya. Darasa halikucheka. Yeye alitazama plasta yake, kisha akainua tena mkono, ule mzima, akasema, "Basi Mwalimu, aliyesimama kwelikweli ni nani? Ni yule wa goli?"

Safari hii sikumketisha. Nilimwambia kwamba watu wakuu waligombana juu ya swali hilo kwa karne nyingi. Wazee wa zamani walisema kwamba dunia haiendi, maana ingekuwa inakwenda tungehisi, na ndege wa angani wangeachwa nyuma. Galileo Galilei, mtaalamu wa Italia, alijibu hoja hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1632. Alimwomba msomaji wake ajifungie katika chumba cha chini cha merikebu kubwa. Sisi tunaweza kuingia katika jahazi linalotoka Lamu kwenda Mombasa, siku ambayo bahari imelala na upepo ni wa taratibu. Ukimimina kahawa, inaingia kikombeni, haiangukii tezini. Ukimrushia mwenzio tende, huhitaji nguvu zaidi kwa kuelekea omo kuliko kwa kuelekea tezi. Nzi anaruka chumbani kama anavyoruka nyumbani. Kama hapana dirisha, na kama mwendo ni sawasawa, hapana jaribio lolote chumbani humo litakalokwambia kwamba jahazi linakwenda au limetia nanga. Mwaka uliofuata, 1633, Galileo alishtakiwa na wakuu wa dini kwa kufundisha kwamba dunia huenda, akafungiwa nyumbani mwake hata alipokufa mwaka 1642. Dunia haikusimama kwa ajili ya hukumu hiyo.

Kwa hakika yule msichana aliyesimama karibu na goli alikuwa akienda mbio kubwa. Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, na mzingo wake katika ikweta ni kilomita 40,000 na kidogo. Thika na Ruiru ziko karibu sana na ikweta, kusini kwake kwa nyuzi moja tu hivi. Kwa hivyo kila mti wa kahawa, kila duka, na kila goli la mpira katika miji hiyo huchukuliwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Zaidi ya hayo, dunia yenyewe huzunguka jua kwa kasi ya karibu kilomita 30 kwa kila sekunde moja. Wakati uliotumia kusoma sentensi hii umesafiri kuzunguka jua umbali mkubwa sana, na chai yako haikutikisika kikombeni.

Kasi hiyo tusiyoihisi imewahi kutumiwa hapa petu. Katika bahari ya Hindi, mbele ya Ngomeni karibu na Malindi, Wataliani walijenga jukwaa la kurushia roketi liitwalo San Marco, nalo lilianza kurusha satelaiti mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kuwekwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Mahali hapo palifaa kwa sababu ni karibu na ikweta. Roketi iliyosimama juu ya jukwaa, ambayo mvuvi wa Ngomeni angeapa kwamba imetulia kimya, ilikuwa tayari na mwendo wa mita 460 na zaidi kwa sekunde kuelekea mashariki, ikipimwa kutoka katikati ya dunia. Wahandisi waliielekeza mashariki, wakaipokea zawadi hiyo bila ya kuchoma hata tone moja la mafuta. Kijana wangu alianguka kwa kuusahau mwendo aliokuwa nao. Wahandisi wale walipaa kwa kuukumbuka.

Lakini, msomaji, usiwe na haraka ya kusema kwamba vituo vyote vya kupimia ni sawa katika kila jambo. Rudi katika matatu. Dereva anapokanyaga breki kwa ghafla, abiria wote huinama mbele, hata yule mzee anayesinzia. Hapana aliyehitaji kutazama dirishani ili ajue. Gari linapokata kona, wote huegemea upande. Mwendo ulio sawasawa hujificha; mwendo unaobadilika hujitangaza wenyewe. Kwa hivyo fizikia ina kawaida mbili zinazokaa pamoja. Kasi husemwa kwa kulinganisha tu, wala hapana mahali ulimwenguni penye kibao kilichoandikwa, "Hapa ndipo panapotulia." Lakini kanuni za maumbile ni zile zile katika kila kituo kinachokwenda sawasawa, na kani inayogeuza mwendo huwaumiza watu wa vituo vyote bila ya upendeleo.

Albert Einstein aliichukua kawaida hiyo mwaka 1905, akaifikisha mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Alisema kwamba hata mwanga ni lazima utii: kasi yake, kilomita karibu 300,000 kwa sekunde, hupimwa kuwa ile ile na kila mpimaji anayekwenda sawasawa, awe anaukimbilia au anaukimbia. Ili jambo hilo liwezekane, saa za watu wanaokwenda mbalimbali haziwezi kulingana daima. Hiyo imethibitishwa. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa za atomu kuizunguka dunia kwa ndege za abiria, na ziliporudi zilikuwa zimeachana na zile zilizobaki chini, kwa kiasi kidogo mno lakini kilichopimika. Katika simu anayotumia kijana wa bodaboda kule Ruiru kutafuta nyumba ya mteja, jambo hilo linafanya kazi. Saa za satelaiti zinazoongoza simu hizo, kwa ajili ya kasi yake na kwa ajili ya urefu wake kutoka duniani, hupishana na saa za chini kwa sehemu 38 kati ya sehemu milioni moja za sekunde kila siku. Zisiporekebishwa, makosa ya mahali yangefika kilomita kumi hivi kwa siku moja, na mwenye kutafuta Ruiru angepelekwa Juja.

Wako watu waliosikia habari hizi nusu nusu, wakatoka na fundisho la upotovu: kwamba kila mtu ana ukweli wake, na hapana la kweli wala la uongo. Nakusihi usiwafuate. Msichana wa goli na kijana wa mkokoteni walitofautiana juu ya umbo la njia, lakini hawakutofautiana juu ya chungwa kurudi mkononi. Abiria na lami walitofautiana juu ya nani amesimama, lakini mkono ulivunjika kwa hesabu zote mbili. Asemaye kwamba hesabu ni sita na asemaye kwamba ni kumi na mbili wanaweza kuwa wakweli wote wawili, ikiwa kila mmoja atataja mwanzo wake na wote watajua daraja la kuvukia. Akikataa kutaja mwanzo wake, hata mkweli huwa mpotoshaji.

Daraja hilo si la vitabuni tu. Katika barabara ya Thika kwenda Garissa, magari hukutana uso kwa uso, kila moja na upande wake. Dereva anayetaka kulipita lori huona gari likimjia kwa mbali, akalihesabu kwa kasi yake mwenyewe tu. Ikiwa yeye anakwenda kilomita 80 na yule anakwenda kilomita 80, basi nafasi iliyo kati yao inaliwa kwa kilomita 160 kwa saa, yaani mita 44 kila sekunde. Kumbuka hesabu hiyo siku utakaposhika usukani, na siku utakapotaka kuvuka barabara kuu kwa miguu na huku daraja la waendao kwa miguu liko hatua mia mbali nawe.

Kijana yule mkono wake ulipona. Mimi nami ninaendelea kufundisha, lakini nimeacha kusema kwamba swali fulani halimo katika mtihani. Nilikuwa nimesimama ubaoni, nikayapima maneno yake kutoka hapo, nikayaona ni ya kuchekesha. Yeye alikuwa akiuliza kutoka mlangoni mwa matatu, mahali anapopita kila asubuhi na kila jioni, na kutoka hapo swali lilikuwa la lazima. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Yeye aliuliza, aliyekataa kujifunza alikuwa mimi.

Basi ukiwa katika steji ya Thika, ukaona madirisha ya jirani yanateleza, usiharakishe kusema nani anayekwenda. Tafuta ukuta wa duka kwanza. Kisha kumbuka kwamba ukuta nao unakwenda.